Amplifaya Mezani pa Bwana

Amplifaya ya Obura ilikata roho Jumamosi mchana, katikati ya harusi ya watu, bibi harusi akiwa ameshainua mguu mmoja aanze kucheza. Ilikoroma, ikatoa moshi mwembamba wenye harufu ya mpira ulioungua, kisha ikanyamaza. Bibi harusi naye akaushusha mguu wake. Kiongozi wa bendi, Ng'ang'a, aliimalizia sherehe kwa kinanda na ngoma. Obura alibaki amesimama mbele ya wageni na gitaa kifuani, akipiga nyuzi ambazo hakuna aliyezisikia, akitabasamu kama mtu aliyevunjikiwa na kiti mbele ya wakwe.

Jioni Ng'ang'a akapiga simu. Simu ya Obura ilikuwa mbovu, haikuongea ila kwa spika, kwa hiyo mkewe, Phelister, alisikia kila neno akiwa jikoni, na bila shaka majirani wawili watatu pia.

"Buda, hiyo kitu yako imekuwa ikituchoma tangu zamani. Sasa sikiza. Ile hoteli ya bustani huku Kayole wametupatia kila Jumamosi, tunaanza wiki mbili zijazo. Kila mtu anakuja na amp yake. Kama huna, kuna kijana anaitwa Phares, ako tayari."

"Nipe mwezi, ndugu yangu."

"Mwezi? Na watu watakuwa wanacheza nini huo mwezi wote, makofi?"

Simu ikakatwa. Obura akaitazama simu kana kwamba ingemwomba msamaha.

Tangu ghala alilokuwa akifanyia ukarani lifungwe, gitaa ndilo lililolipa kodi, likanunua unga na kumvalisha binti yao Awiti sare ya shule. Jumamosi lilipiga kwa malipo. Jumapili lilipiga kanisani bure, maana malipo ya kanisani, kama Mzee Irungu wa kanisa lao alivyopenda kuwakumbusha, yako mbinguni, ambako inaonekana wenye nyumba hawapiti kudai kodi.

Phelister alikaanga samaki na kuwauza langoni. Zamu yake ya kupokea pesa za chama ilikuwa imefika mwezi huo, na pesa zile zilikuwa na jina: friji ya kugandishia samaki. Alikuwa ameshaipimia nafasi kati ya kabati na mlango. Alikuwa ameshawaambia wanawake wenzake rangi yake. Usiku ule alisali kwa muda mrefu kuliko kawaida, na asubuhi akaziweka pesa mezani kando ya chai ya mumewe.

"Mama Awiti, hizi si..."

"Usiniambie asante. Niambie tu hiyo amplifaya utaipigia wapi mazoezi."

Hilo ndilo lilikuwa swali. Waliishi katika nyumba za reli pale Makongeni, na ukuta kati yao na jirani ulikuwa wa aina ambayo ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakwambia pole. Upande wa pili aliishi Teresiah, muuguzi wa zamu ya usiku. Wakati watu wote wanaamka, Teresiah ndiyo kwanza anavua viatu alale, na wakati huohuo ndipo Obura huchomeka gitaa kwenye stima. Teresiah alikuwa amegonga ukuta kwa ufagio, kwa mwiko na mara moja kwa sufuria. Alikuwa amemwendea keateka, msimamizi wa nyumba zile. Keateka alikuwa amewapa onyo la mwisho, lile lililofuata baada ya onyo la mwisho la kwanza. Likirudi shauri lingine, wangefunga virago.

"Kwa hiyo," alisema Phelister, "tunatafuta kitu cha kunong'ona Makongeni na kunguruma Kayole."

"Hakuna kitu kama hicho."

"Kipo. Wewe mwenyewe uko hivyo. Hapa nyumbani hata kuitikia ukiitwa huwezi."

*

Kwa siku nne Obura alisomea amplifaya kwenye simu. Kwa bidii ile angesomea udaktari, leo hii angekuwa anamtibu mtu. Alitazama video za wanaume wenye ndevu waliokaa katika vyumba vyenye amplifaya arobaini, wakieleza kwa huzuni kwamba bado wanaitafuta iliyo sahihi. Mezani alizungumza habari za sauti yenye joto na sauti yenye baridi mpaka Awiti akauliza kama baba yake ana homa.

Alhamisi wakaenda Eastleigh. Duka la Kawsar lilikuwa ghorofani, kati ya duka la mazulia na duka la manukato, hata amplifaya zake zote zilinukia kama maharusi. Kawsar alikaa kwenye kiti cha plastiki, simu ameichomeka ndani ya mtandio shavuni, akiongea na watu wawili kwa pamoja, wa simu na wa dukani, na wote wawili wakielewa.

Obura hakuuliza bei. Alienda moja kwa moja kwa amplifaya kubwa nyeusi, yenye taa za kioo ndani, nzito kama jeneza la tajiri. Akachomeka gitaa, akapiga mara moja tu. Vumbi likaruka kwenye mazulia ya jirani.

"Mama Awiti, umesikia hiyo?"

"Nimesikia. Na Teresiah pia amesikia, na yuko Makongeni."

Kawsar akacheka, akaaga simu yake. "Baba, unaishi wapi?"

"Makongeni."

"Basi hiyo wacha. Hiyo ni ya mtu ana nyumba na miti pande zote. Wewe utafukuzwa leo leo, hata kabla ya chakula." Akainuka, akavuta nyingine kutoka chini ya rafu, isiyofikia hata nusu ya ile. "Chukua hii. Hii ni ya kuiga."

"Ya kuiga vipi?" akauliza Phelister.

"Ndani hakuna taa, iko kompyuta ndogo. Zungusha hapa, inajifanya ile kubwa. Zungusha tena, inajifanya ingine, ya zamani, ya watu wa rumba. Sauti mia moja ziko ndani."

"Kwa hiyo ni ya uongo," alisema Obura kwa uchungu wa mtu aliyenyimwa jeneza.

"Uongo mzuri, wallahi."

Phelister hakuona tatizo. Kanisani kwao aliwajua watu kadhaa waliojifanya watu wengine kila Jumapili, tena bila kompyuta, na hakuna aliyewahi kurudishwa dukani.

Obura akazungusha. Sauti moja ilikuwa kama nyuki ndani ya mkebe. Nyingine kama pikipiki inayokataa kuwaka.

"Hii nani hupiga?"

"Wazungu wenye hasira," alisema Kawsar. "Wewe usijali. Mia moja ziko, utatumia tatu. Kila mtu anatumia tatu. Hizo zingine ni za kuambia marafiki."

Akazungusha tena, na mara ikatoka sauti nyembamba, safi, inayodondoka kama maji ya mfereji asubuhi, sauti ile ya muziki wa benga ambayo baba yake Obura alikuwa akiifungulia redio. Obura akasahau kwamba ni ya uongo. Alipiga kwa macho yaliyofumbwa, na mwenye duka la manukato akaja kusimama mlangoni.

Lakini Phelister hakuja Eastleigh kufumba macho. "Inanong'onaje?"

Kawsar akaigeuza. Nyuma palikuwa na swichi. "Hapa nusu wati, ya nyumbani. Hapa wati hamsini, ya harusi. Na ukitaka kimya kabisa, kuna hii." Akamwonyesha kitundu, akachomeka hedifoni, akamvalisha Phelister juu ya kitambaa cha kichwa.

Mumewe akapiga, na muziki ukajaa kichwani mwa Phelister kana kwamba wako katika ukumbi mkubwa, yeye peke yake na Obura jukwaani. Akazivua. Hapakuwa na kitu, ila tik tik ya nyuzi, kama kuku anayedonoa mahindi kwenye bati. Akavaa. Ukumbi. Akavua. Kuku. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Na huko bustanini, watu wakiwa wengi?"

"Kitundu hiki kinaingia kwa mixer ya hoteli. Spika zao zinabeba kazi. Hii yake ni ya kujisikia mwenyewe tu."

"Hiyo hajawahi kushindwa nayo."

Wakamfanya Obura aibebe kutoka mlangoni hadi ngazini na kurudi, bega moja, gitaa bega la pili, kama farasi sokoni. Akaweza. Ndipo Phelister akafungua mkoba, wakavutana bei mpaka Kawsar akaapa kwamba watoto wake watalala njaa, na Phelister akaapa kwamba wa kwake wameshalala.

"Na hili kanyagio la kubadilisha sauti kwa mguu?"

"Hiyo ni bei yake peke yake."

"Si liko kwenye picha ya boksi?"

"Hata huyo Mzungu ako kwa picha ya boksi, mama. Unataka nikufungie yeye pia?"

Wakalipa bila kanyagio, ila hedifoni zikiwemo. Pesa zote za friji zikaisha, pamoja na zingine kidogo. Wakiwa mlangoni Kawsar akawaita tena, safari hii uso wake hauna mchezo.

"Kitu moja. Maji. Sakafu mbichi, mvua, unyevu, hapana. Ikinywa maji, mimi na nyinyi hatujuani."

Njia nzima Phelister aliyarudia maneno hayo moyoni kama mstari wa kukariri.

*

Katika Kanisa la Mwanga wa Asubuhi, kitu kipya hakitumiki kabla ya kuombewa. Watu huleta funguo za magari, sare za shule, kadi za mitihani, na mara moja mtu alileta sinki la jikoni. Vitu huwekwa sakafuni mbele ya madhabahu, mchungaji huviombea, na baada ya ibada kila mtu hubeba chake na kwenda nacho nyumbani.

Obura alitaka waiache amplifaya nyumbani. "Tuombe hapahapa. Mungu anaijua Makongeni."

"Pesa za friji yangu hazitapigwa bila kuombewa," alisema Phelister, na hilo likawa limekwisha.

Jumapili hiyo ilikuwa ya Mavuno. Siku ya Mavuno huongezwa meza moja yenye kitambaa cheupe, kuume kwa madhabahu. Kinachowekwa juu ya kitambaa kile si cha kuombewa kirudi, kimetolewa. Baada ya ibada hupigwa mnada, pesa zikaenda kwa kazi ya Bwana, na mwaka huu kazi ya Bwana ilikuwa kununua spika za kuhubiria mitaani. Hakuna asiyejua sheria hiyo. Phelister mwenyewe mwaka jana aliweka mkungu wa ndizi pale, akaununua tena kwa bei iliyomshangaza.

Lakini akina mama wa zamu walikuwa wamepiga deki kwa moyo wote. Sakafu ya saruji iling'aa maji, na mbele ya madhabahu, pale paa linapovuja, palikuwa na dimbwi dogo. Phelister akasimama na Obura, amplifaya ikiwa begani mwa mumewe, na sauti ya Kawsar ikamjia waziwazi kuliko wimbo wa kwaya. Sakafu mbichi, hapana. Akatazama huku na huku. Pakavu palikuwa mahali pamoja tu, juu ya ile meza. Akasogeza malenge, akamwamuru mumewe aitue kando ya jogoo aliyefungwa miguu.

"Mama Awiti, hapo ni mezani."

"Ni kwa muda tu, sakafu ikauke."

Jogoo akaitazama amplifaya kwa jicho moja, kama anayeijua safari waliyo nayo. Kisha kwaya ya akina mama ikaitwa, Phelister akapanda kuimba, Obura akakaa na gitaa la kanisa kwenye spika mbovu ya kanisa, na sakafu ikakauka taratibu bila mtu wa kuiangalia.

Maombi yalipofika mchungaji alinyoosha mikono juu ya meza. "Bwana, tazama malenge haya. Tazama ndizi hizi. Tazama jogoo huyu, na hata amplifaya hii! Watumishi wako wameitoa, nasi tumeipokea!"

"Amina!" likaitikia kanisa. Na aliyeitikia kwa sauti kuliko wote, macho yamefumbwa, machozi karibu, alikuwa Phelister. Alikuwa amesikia neno amplifaya, na moyo wake ukayeyuka kabla hajasikia mengine.

Mnada uliendeshwa na Mzee Irungu. Siku za wiki alikuwa dalali wa magari, na Jumapili alikuwa dalali wa Bwana, bila kubadilisha shati. Malenge yakaenda. Jogoo akaenda. Irungu akaikumbatia amplifaya, akainyanyua kifuani.

Phelister alifika mbele kabla hajajua amesimama. "Mzee," alinong'ona, "hiyo ni yetu. Niliiweka hapo kwa sababu ya maji. Ilikuja kuombewa tu."

Irungu aliinamisha kichwa kwa upole, kisha akaongea kwenye kipaza sauti. "Ndugu zangu, Mama Awiti anasema kitu chake kimefika mezani kwa bahati mbaya. Nawauliza, kuna bahati mbaya mezani pa Bwana?"

"Hakunaaa!"

"Kuna mama mmoja, sitataja mtaa, alirudisha malenge yake nyumbani kutoka meza kama hii. Yalioza yote kabla hajafika kwake. Na hayo ni malenge. Sijui amplifaya huoza vipi, na sitaki tujue. Mama, kaa chini kwa amani. Tuanze!"

Phelister akakaa, ila si kwa amani.

"Elfu tatu," alisema Obura kutoka kwenye kiti cha wanamuziki. Watu wakacheka kwa upendo, wakidhani anachangamsha mnada.

"Tano," akasema mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye alipenda kusikia sauti yake.

"Tano na nusu." Obura sasa alikuwa amesimama.

"Hebu wacha kutudharau, kijana," alisema Irungu. "Hii ni injili, si sukuma wiki. Na iko na swichi hapa nyuma. Inanguruma vipi, Obura? Waambie!"

Obura akahesabu kwa vidole kilichomo mfukoni.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, Teresiah, ambaye naye alisali hapo, alikuwa amesinzia. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, na sare ya uuguzi ilionekana chini ya sweta. Neno kunguruma lilimwamsha. Aliitazama amplifaya, akamtazama Obura, akaielewa hali yake ya miaka ijayo yote. Akainua mkono.

"Elfu ishirini."

Hata jogoo, aliyekuwa sasa kwapani mwa mtu, alinyamaza.

"Sema kitu," Phelister alimpigia mumewe ishara kwa midomo. Obura akageuza mfuko nje. Mlikuwa na nauli na kile kiplastiki cha kupigia nyuzi za gitaa.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili! Imeenda kwa Dada Teresiah!" Irungu aliruka. "Mwoneni, wapendwa. Huyu dada hata gitaa hapigi. Amenunua kwa ajili ya injili tu!"

Kanisa likapiga makofi. Phelister naye akapiga, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Nje, chini ya ukingo wa paa, Teresiah alimpita ameikumbatia amplifaya kwa mikono miwili, akiyumba kwa uzito. "Mama Awiti, usinichukie. Hizi zilikuwa pesa za godoro. Sasa nitalala hata kwenye mkeka, mradi nilale."

*

Jumatatu Phelister alimwendea Irungu. Irungu alimpokea kwa chai na kumwambia pesa zimeshafika kwa mwenye spika, na kwamba watoaji wa kweli hawatazami nyuma. Jumanne alimgongea Teresiah, saa ambayo alidhani ameamka. Hakuwa ameamka.

"Iko chini ya kitanda na itakaa hapo," alisema Teresiah kupitia ufa wa mlango.

"Dada, hujanielewa. Hii ndiyo ya kunyamaza. Ukichomeka hedifoni haisikiki kabisa. Tuliinunua kwa ajili yako."

"Amplifaya ya kunyamaza."

"Ndiyo."

"Na mimi ni rubani." Mlango ukafungwa.

Obura alifanya mazoezi kwa gitaa kavu, amekaa kitandani, kiasi cha kumfanya mtu atamani hata ile ya moshi. Hakumlaumu mkewe kwa neno hata moja, jambo lililomuumiza Phelister kuliko lawama. Ijumaa Ng'ang'a akapiga simu. "Kesho saa tatu asubuhi nakuja na pickup. Uko na amp ama nimpitie Phares?" Obura akasema yuko nayo, na kwa kweli ilikuwa mita tatu kutoka alipokaa, ng'ambo ya ukuta tu.

Phelister alipiga magoti kando ya kapu la samaki. Hakuwa mtu wa kumficha Mungu mambo. "Baba, sikulaumu. Nilikuomba uibariki, nawe umeibariki, ila kwa jirani. Nami ndiye niliyeitikia amina. Lakini kile kitundu Wewe unakijua kiko wapi. Mwonyeshe Teresiah."

Jumamosi asubuhi hakugonga mlango. Alimngoja Teresiah barabarani anapotoka kazini, na alipomwona, akamkabidhi samaki mzima wa moto ndani ya gazeti.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya kunisikiliza kidogo. Obura aje kwako apige, akiwa amechomeka hedifoni. Ukisikia, nitahama mwenyewe, huhitaji hata keateka."

Teresiah alikuwa amesimama usiku kucha. Samaki alinukia. "Nikisikia hata uzi mmoja, Mama Awiti."

"Hata nusu."

Wakaivuta amplifaya chini ya kitanda, mbele ya godoro lililokonda kama chapati. Obura akakaa kwenye stuli, akavaa hedifoni, akazungusha mpaka sauti ya benga, na akaanza. Alipiga kama mtu ambaye mbele yake bibi harusi bado ameinua mguu. Jasho lilimtoka, mabega yakacheza. Na chumbani hapakuwa na kitu, ila tik tik, tik tik, kuku na mahindi yake.

Teresiah alitega sikio, kipande cha samaki mkononi. Akasogeza kiti karibu. "Ndiyo ameanza?"

"Yuko katikati ya wimbo wa pili."

"Si kweli." Akaegemea nyuma. "Inafanana na mvua ikianza kwenye mabati kule kwetu," alisema. Mkono wenye samaki ukashuka mapajani. Kichwa kikalala begani. Akakoroma.

Obura akavua hedifoni. "Amesema ndiyo?"

"Hajasema kitu. Amelala."

Walitazamana. Pickup ya Ng'ang'a ingefika wakati wowote. Kuibeba amplifaya ya mtu aliyelala kuna jina lake, na jina hilo keateka na polisi wanalijua. Na kumwamsha, wao, familia ya Obura, kumwamsha Teresiah mchana! Afadhali wizi.

"Ibebe," alisema Phelister.

"Na akiamka?"

"Atanikuta. Nitakaa kwenye hiki kiti badala ya amplifaya. Nenda, na umwambie Ng'ang'a asithubutu kupiga honi."

*

Phelister alikaa. Hakuwa amewahi kuweka ulinzi wa namna ile. Alimtoa kipande cha samaki mkononi bila kumgusa kidole. Dirishani alimfukuza muuza mayai kwa ngumi. Awiti alipokuja kuuliza chakula, alijibiwa kwa macho akaondoka bila viatu. Kikohozi kilipomjia alikimeza, kikarudi, akakimeza tena mpaka machozi yakamtoka. Mchana ukasogea. Kayole, kama Mungu amependa, mtu alikuwa anacheza benga. Hapa Makongeni muuguzi alikuwa analala, mdomo wazi kama mtoto.

Ndipo ukuta ukatetemeka.

"WATU WA MAKONGENI! MTALALA MPAKA LINI?"

Teresiah aliruka juu kiti kikaanguka. "Obura!"

"Si Obura," alisema Phelister. "Ni Mzee Irungu."

Chini ya dirisha lilikuwa limesimama gari dogo, juu yake spika nne mpya zenye midomo mipana kama masufuria ya harusi, zote zimeelekezwa kwenye nyumba za reli. "AMKENI!" ilinguruma sauti ya Irungu. "AMKENI MLIOLALA!"

Teresiah alikodoa. "Zimetoka wapi hizo?"

"Ni elfu ishirini zako hizo. Na ndizi za watu kidogo."

Teresiah akakaa kitandani. Godoro likashuka mpaka mbao. Akatazama chini ya kitanda, akatazama stuli tupu. "Iko wapi?"

"Imeenda Kayole kazini. Nimebaki mimi. Ukitaka kumwita keateka, niko hapa, sijatoka hata kujisaidia."

"Nimelala tangu lini?"

"Tangu samaki."

Teresiah akageukia dirisha. Mwanga ulikuwa umeshaegemea upande wa jioni. Alitikisa kichwa taratibu, kama anayehesabu kitu ambacho hakuwa nacho kwa miaka mingi. Nje Irungu alikuwa amepata ufunuo mwingine, mkubwa zaidi.

"Jumamosi aichukue," alisema Teresiah hatimaye, ikabidi apaze sauti. "Siku zingine atapigia hapahapa kwangu, asubuhi, nikirudi kazini. Lakini ni yangu mpaka nipate godoro. Na aje na hizo hedifoni."

"Atakuja."

"Na samaki."

"Na samaki."

Wakakaa bega kwa bega wakihubiriwa, vikombe vikitetemeka kabatini. Teresiah alizitazama zile spika kwa muda mrefu, kutoka juu hadi chini, kama mgonjwa ambaye muuguzi hajui aanzie wapi kumpaka dawa.

"Mama Awiti, wewe ndiye fundi wa mambo haya," alisema. "Za Irungu hizo, kitundu cha hedifoni wameweka upande gani?"